Redio Tuliyoipigilia Misumari

Kwako baba yangu,

Nimekaa kwenye dawati la mbele, darasa lilelile ulilofundisha hapa Lalago mpaka ulipotutoka. Redio yako iko mbele yangu, imefunguliwa. Ningekuwa na uwezo ningekuita hata kwa dakika tano. Sina.

Unakumbuka ilivyoanza. Chama cha ushirika kilipolegea na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao, wakulima walibaki na mabomba mabovu ya kupulizia pamba na betri zake zilizochoka. Wenzako walizitupa, wewe ukaziokota. Ukapasua mwanzi, ukawaambia watoto wazipange humo, kichwa kwa mkia, na ile redio uliyoiunga kwa vipande vya redio nyingine ikakohoa, kisha ikasema Kiingereza. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja na fimbo.

Haikuwa na kava. Matumbo yake yote yalikuwa nje, vumbi likiingia litakavyo, na kila mwanafunzi aliruhusiwa kuchomoa waya na kuurudisha. Ikinyamaza, hukuigusa. Uliketi nyuma ukitafuna karanga: “Haya mafundi, mgonjwa wenu huyo.” Mimi, mwalimu mgeni shuleni kwa baba yake, nilikuwa naona aibu. Nikakuomba tuitafutie sanduku. Ukacheka.

“Mayu,” uliniita, kama unamwita mama yako, “ukiifunika, watajifunzia wapi?”

Tulipokuzika, kila mtu alitaka kukuheshimu. Wazazi wakamwita seremala, akaitengenezea sanduku zuri la mninga, akalipigilia misumari pande zote, watoto wasije wakachokonoa. Nyaya mbili tu za betri ndizo zilizotoka nje. Mama akafuma kitambaa cheupe cha kulifunika. Tulipounga betri, kimya. Wazee wakatikisa vichwa. “Imemfuata mwenyewe,” walisema, nami nikaamini. Mtu akiwa na msiba huamini mengi. Tukaiweka juu ya kabati, na mkaguzi alipokuja akatusifu kwamba tunajua kutunza vifaa.

Watoto wa sasa hawajawahi kuisikia. Kiingereza wanachokijua ni changu, na changu unakijua. Mtihani wa kumaliza shule uko mbele yao, nami nawaonea huruma.

Wiki iliyopita Kabula, binti mmoja wa darasa la saba, aliniuliza kwa nini tunatunza redio isiyosema. Nikamtuma alete koleo. Tukang'oa misumari. Mmoja ulikuwa mgumu kutoka. Ulikuwa umepita katikati ya koili, lile fundo la nyuzi za shaba ulilolisuka kwa mikono yako, umezikata nyuzi zake. Haikukufuata, baba. Tuliiua sisi wenyewe, kwa heshima.

Nilikaa chini nikalia mbele ya wanafunzi. Nina hasira na sina wa kumkasirikia, maana hakuna aliyekusudia ubaya.

Nimeipeleka Bariadi kwa fundi. Akaigeuza, akanirudishia. “Mwalimu, hii si redio ya dukani. Aliyeiunga ndiye aliyekuwa anaijua. Si ununue mpya tu? Siku hizi zimejaa.”

Ni kweli zimejaa. Soko huria limetuletea redio za kila rangi mpaka kwenye magenge. Lakini hizo nazo zimefungwa, na nani atawaruhusu watoto wa watu wazibomoe?

Leo nimerudi nayo darasani. Watoto wakaizunguka, mikono nyuma, kama tulivyowazoesha wakiwa mbele ya vitu vya thamani. Nikawaambia washike. Hakuna aliyesogea isipokuwa Kabula. Akaushika waya mmoja kwa vidole viwili, akanitazama.

“Mwalimu, babu aliyeiunga alikuwa anaanzia wapi?”

Miaka yote ile niliishi nyumba moja na wewe, baba, na sijui. Nimewaambia waende nyumbani, tutaendelea kesho. Wameondoka wakikimbia kwa furaha, wameniamini, na mimi hiyo kesho sina cha kuwaonyesha.

Pumzika, baba. Ni mimi, binti yako uliyemwachia darasa.