Bonde Kwenye Jiwe Lako

Baba Faith,

Sikuandikii kukusalimia. Wengine walikusalimia vya kutosha kule Chepsaita. Walikuimbia, wakakusifu mpaka nikajiuliza huyu malaika wanayemzika ni nani. Mimi nimekaa kwenye stuli yako hapa Kimumu, kwenye kibanda chetu cha kunolea visu, vidole vimechubuka, na nimekukasirikia. Haki nimekukasirikia mpaka chai imepoa sijaigusa.

Acha nikueleze yaliyotokea, maana ulianguka hapa ukiwa na kisu cha mtu mkononi na hukuniachia hata neno moja.

Udongo wa kaburi lako haujakauka, ndugu yako Barasa akasimama mbele ya watu na sahani yake ya wali. Ati kibanda kisikae bure, amepata kijana mwenye mashine ya kunolea, ile ya stima inayorusha cheche. "Mama Faith alikuwa wa kuloweka mawe tu," akasema. Na unajua kilichoniuma? Hakuna aliyebisha. Wateja wetu walikuwa pale, watu ambao nimeshika visu vyao miaka yote hii, na kila mmoja aliangalia chakula chake.

Wangebisha vipi? Wewe ndiye uliyewafundisha kuniona hivyo.

Mimi ndiye niliyekuwa naloweka jiwe la kukwaruza na jiwe la kati kwenye karai. Naondoa mapengo, narudisha umbo la kisu, nakisugua kwenye jiwe la pili mpaka nasikia kwa kidole ule ukucha mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili, ishara kwamba makali yamefika. Kazi yote nimeifanya. Halafu mteja akikaribia tu, unanyoosha mkono: "Lete hapa, mama, nimalizie." Unafungua jiwe lako la tatu, lile laini la rangi ya maziwa ulilokuwa unalifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Unapitisha kisu mara chache, unanyoa vinyweleo vya mkono wako, na mteja anasema wueh, huyu ni fundi! Fundi alikuwa nani, Baba Faith? Mimi nilikuwa nimeinama kwenye karai.

Na nilikuomba unifundishe lile jiwe. Usijifanye hukunisikia. Ulisema ni laini, litakwaruzika, litavunjika, heri nipumzishe mikono. Uliyasema hayo kwa upole, ukicheka, ukinipa mahindi ya kuchoma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana mtu atagombanaje na mume anayempa mahindi? Ungekuwa mkali ningekushinda.

Basi niliporudi kutoka mazishini nikafungua kibanda. Watu wakapita, wakasema pole, wakauliza kijana wa mashine anaanza lini. Ni fundi Kiptoo peke yake, yule seremala, aliyeweka kazi mezani. Alinipa kisu cha randa yake kubwa. Na wewe unajua vile Kiptoo huongea na kila mtu hapa Kimumu. Akiridhika, wengine watarudi. Akikataa, nimekwisha, na Barasa anamkabidhi yule kijana ufunguo.

Nikafungua taulo lako. Nikanyunyiza maji, nikapitisha chuma vile nilivyokuona ukifanya. Kikatoka kinang'aa, unaweza kujitazama meno. Kesho yake Kiptoo akakirudisha. "Mama Faith, hii inakula katikati tu, pembeni haigusi mbao." Nikarudia. Akakirudisha tena, na safari hii hakuniangalia usoni. Akasema atanipa mara moja ya mwisho, kwa heshima ya marehemu. Kwa heshima ya marehemu! Nilitamani kumrushia karai na maji yake.

Nilianza kuamini, Baba Faith. Nilianza kuamini kwamba mkono wangu ni mzito, kwamba Barasa alisema kweli, kwamba miaka yote hiyo nilikuwa wa kubeba maji. Uliniacha nifikirie hivyo. Hilo sitakusamehe haraka.

Halafu, kwa hasira tu, nikachukua rula ya Faith, nikailaza juu ya jiwe lako, nikaliinua mbele ya mlango. Mwanga ukapita chini ya rula. Bonde! Unene wa shilingi nzima! Na limelala upande wa kushoto, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa mkono wa kushoto na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa.

Wewe! Wewe uliyenigombeza mawe yangu mawili yasiposawazishwa kila jioni! "Jiwe lisipokuwa sawa, mama, unaharibu kisu cha mtu." Kumbe lako umelichimba kama shamba. Ulijua kona ya kupitishia randa, ulijua kona ya kupitishia kisu cha bucha, na yote ukayaweka kwenye bega lako ukaenda nayo. Mkono wangu haukuwa na shida hata kidogo. Nilikuwa navaa kiatu cha mtu mwingine. Nilicheka, nikalia, kisha nikakutukana matusi ambayo pasta asisikie.

Kusawazisha jiwe najua, hilo ulinifundisha vizuri. Nikaweka msasa wa maji juu ya kioo, nikachora mistari ya penseli kwenye jiwe lote, nikaligeuza, nikaanza kusugua. Mistari ya pembeni ikatoka haraka. Ile ya ndani ya bonde ikakataa. Tope jeupe likanijaa mikononi, na ndipo nikaelewa kitu ninachofanya. Nguo zako wamegawana. Suti yako nzuri umezikwa nayo. Kilichobaki duniani chenye alama ya mkono wako ni hilo bonde, na mimi nilikuwa nalifuta kwa msasa.

Nikaacha. Nikakaa na jiwe mapajani, nguo yote imelowa. Kwa nini umenifanyia hivi? Ungelisawazisha hata mara moja ukiwa hai, leo ningelishika kama jiwe lingine lolote. Ungenipa nilishike mara moja tu, lingekuwa na bonde letu wote wawili. Lakini hapana. Umeniacha nichague kati ya kukuweka wewe na kulisha mtoto wako, halafu wewe mwenyewe umelala kimya Chepsaita.

Nikasugua. Nilisugua mpaka mstari wa mwisho ukaenda, nikikuita majina yako yote, la ubatizo na lile la nyumbani, na kila jina nikilitamka kwa ubaya.

Kiptoo alipokuja nilimwambia asiondoke, ajaribu hapa hapa. Akafunga kisu kwenye randa, akapitisha kwenye ubao wa saiprasi. Ikatoka taka moja ya mbao, nyembamba, pana, kutoka pembe hadi pembe. Akaishika, akaiangalia, akatikisa kichwa. "Hii sasa ni kazi ya Baba Faith."

Nikamwambia Baba Faith amekufa, aseme tena. Akakohoa. Akasema, "Hii ni kazi yako, mama." Jioni aliniletea patasi zake zote, na kesho yake wakaanza kuja wale wa bucha.

Barasa alifika Ijumaa na kijana wake. Alikuta meza imejaa visu vya watu na mimi nimekaa kwenye stuli yako. Nilimwambia hiyo mashine aipeleke kwake akanoe vijiko. Hakuniaga.

Bado nina hasira. Na nimekumisi, mjinga wewe. Nimekumisi mpaka mbavu zinauma, na hiyo haipunguzi hasira hata chembe, kwa hivyo usianze kutabasamu huko.

Mvua ikianza nyasi zitaota kaburini kwako, na nitakuja kuzifyeka mimi mwenyewe, si Barasa. Huko kwenu wanaume wananoa panga kwa tupa, mara mbili tatu, basi. Langu nitalipitisha kwenye mawe yote matatu, kwa mkono wa kulia. Lala sasa. Ukisikia nyasi zinaanguka juu yako bila kelele, ujue ni mimi nimefika.

Mkeo,
Nekesa