Sauti ya Pili

Nafula, tangu Pasaka hujakanyaga Buhehe. Huko Nairobi wamekufunga kamba? Sisi wazima, na mama yako amevuna njugu. Mimi nyanya yako nimesomewa barua yako: mwalimu wa kwaya ya watoto amekutoa sauti ya kwanza akakupeleka ya pili, na sasa unataka kuacha.

Sikia. Miaka ile ya sitini, watoto wa kanisa letu tulifanya mazoezi Tororo, ng'ambo ya mpaka, ili twende kuimba Kampala, nami nikahamishwa hivyo hivyo. Nikanuna, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje. Wakaimba bila mimi. Wimbo ulianza vizuri, kisha ukapanda, ukapanda, mpaka wakawa wanalia kama vifaranga. Nilijua kinachokosekana. Kwetu wanawake wawili wakisaga wimbi, mmoja huimba na mwenzake huguna chini, ili jiwe lisiende mbio. Basi nikaguna pale pale nje. Wimbo ukatulia.

Mwalimu wetu akachungulia: "Wewe mwenye hasira, hizo ngazi haziendi Kampala. Ingia!"

Nikaingia, bado nimenuna.

Ukija Desemba, usiniimbie wimbo mzima. Niletee sauti yako ya pili peke yake. Ya kwanza nitaiimba mimi, na meno yangu haya manne.