Mbawakawa wa Pango la Pili

Nyamirambo, Kigali
Jumapili, 12 Agosti 1990

Kaka Mbwana, shikamoo.

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke Kiomoni, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia nikiwa na hasira. Hata hivyo salamu kwanza. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anakula vizuri? Lile jicho lake lililokuwa likitoa machozi limepona? Mimi ni mzima. Magoti yamechubuka na kifua kina kikohozi cha baridi ya huku, lakini ni mzima.

Barua yako imefika. Unasema Salehe dereva wa lori amewaambia nimefukuzwa kazi kwa udanganyifu, kwamba umeitangaza mwenyewe na machimbo yote ya mawe yanajua, na kwamba nirudi mara moja kabla sijalichafua zaidi jina la marehemu baba. Kaka, sirudi mara moja. Sikufukuzwa na sikudanganya. Salehe alipita hapa siku mbaya, akasikia nusu ya maneno, akayapakia pamoja na mzigo wake akaondoka. Sasa sikiliza nusu iliyobaki.

Najua mnaicheka kazi yangu, mtu mzima kuokota wadudu. Profesa ninayemfanyia kazi ni Mbelgiji mzee aliyekaa miaka mingi Zaire, na Kiswahili chake ni cha huko: "ba" kwake ni "wa", "njo" ni "ndiye". Anatafuta mbawakawa wanaoishi mapangoni. Mapango yenyewe yako kaskazini, kwenye mawe meusi yaliyomwagika na volkano. Tunakaa huko wiki mbili, kisha tunarudi Kigali kuwachambua wadudu nyumbani kwake Kagugu. Huko pangoni ninafukia kopo lenye nyama iliyooza, ninalifunika kwa jiwe, na baada ya siku tatu naja kuangalia walioingia. Wanaotembea ukutani ninawavuta kwa mdomo kwa mpira mwembamba wenye kitambaa ndani. Siku moja kitambaa kilichomoka nikammeza mmoja. Mchungu kama shubiri. Kila chupa ya spiriti naitia karatasi niliyoandika kwa penseli: pango gani, chumba gani. Bila karatasi hiyo, Profesa anasema, mdudu ni takataka tu.

Wadudu hawa wana habari yao. Profesa anasema zamani babu zao waliishi nje, chini ya majani ya msitu, wakiwa na macho kama mdudu yeyote. Ukaja ukame mrefu, waliokuwa nje wakafa, waliojificha mapangoni wakabaki. Kule gizani aliyezaliwa na macho mabovu hakupata hasara yoyote, na aliyezaliwa na miguu mirefu na vipapasio virefu alikipata chakula mapema akazaa zaidi. Vizazi kwa vizazi, macho yakaisha. Na kwa kuwa hawawezi kutoka, maana jua litawakausha, kila pango limekuza watu wake. Kutoka pango la kwanza hadi la pili ni mwendo wa nusu saa, lakini wa kwanza ni wanene wa kiuno, wa pili wembamba kama siafu. Ndugu wa babu mmoja, hawajuani tena. Maalimu wa madrasa akiuliza, mwambie mimi sisemi habari za Adamu. Nasema habari za wadudu niliowashika kwa mkono huu.

Basi, pango la kwanza niliingia pamoja na Profesa. La pili niliingia peke yangu, maana goti lake lilivimba na njia ni ya kutambaa kwa tumbo. Lina vyumba vinne. Nilikaa humo siku tisa, nikatoka na chupa tisa zimejaa. Tuliporudi Kagugu, Profesa akaziweka mezani akaanza kutazama kwa lenzi. Uso ukamwiva.

"Weye umenidanganya," akasema. "Ba chumba ya ine biko na macho makubwa. Ba chumba ya kwanza ni bipofu. Haiwezekane! Ulikaa ku mulango, ukakamata ba inje, ukaandika chumba ya ine. Na hawa bipofu uliiba mu chupa ya pango ya kwanza."

Alisema hayo mbele ya mpishi, mlinzi, na Faustini karani wake. Na Salehe alikuwa amesimama getini, amekuja kunisalimu. Hapo ndipo alipoipata habari yake.

Kaka, ningeweza kunyamaza. Wengi hapa hunyamaza mzungu akipiga kelele. Nikasema, "Profesa, chukua kipofu mmoja wa kila pango, uwaweke pamoja uwatazame viuno. Kama niliiba, mbona hawafanani?"

Akawaweka. Akatazama kwa muda mrefu. Akasema wa pili ni wengine kweli, hajawahi kuwaona. Lakini bado wenye macho walikuwa chumba cha nne, na hilo akasema ni uongo wangu. Akataka kuzimwaga chupa zote tisa na niondoke.

"Usimwage," nikamwambia. "Nipe Faustini twende naye. Nitamwonyesha kila shimo nililofukia kopo. Nikikosa moja, nitaondoka mwenyewe bila kufukuzwa."

Tukaenda. Faustini ni kijana wa seminari, mkono laini, alitambaa huku akimwita Bikira Maria kila hatua. Nikampeleka moja kwa moja hadi mwisho wa pango, maji yanadondoka, hewa nzito. Nikamwonyesha kopo chini ya jiwe.

"Andika," nikasema. "Chumba cha kwanza."

Akanimulika usoni kwa tochi. "Cha kwanza? Hapa? Muzee, namba moja iko kule ku mulango!"

"Mlangoni kuna kazi gani? Kazi iko huku."

Akacheka mpaka akakaa kwenye maji. "Weye Mutanzania! Kwenu munaingiaka nyumba kwa kitanda?"

Mimi sikucheka. Hapo ndipo nilipoelewa. Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na minne, kwamba shimo la kwanza ni pale nyundo inapolia leo, la pili ni lile la nyuma yake, na la mwisho ndilo la zamani kabisa, lililo karibu na barabara. Machimbo yetu yote yanahesabu hivyo. Sikuwahi kufikiri kuna mtu anayehesabu kuanzia barabarani. Pango la kwanza namba za vyumba alizitaja Profesa, mimi niliandika tu. La pili nilihesabu kama mwana wa Kiomoni. Wenye macho walikuwa pale pale wanapotakiwa kuwa, mlangoni, na vipofu ndani kabisa.

Tuliporudi Faustini akaeleza. Profesa akageuza karatasi, akatazama tena, akasema, "Basi, ilikuwa kosa. Tuendelee na kazi."

"Kosa ni langu, nakubali," nikasema. "Nitaandika karatasi zote upya. Lakini uliniita mwongo na mwizi mbele ya watu. Uyaondoe maneno hayo mbele ya watu hao hao."

Akasema hana muda wa upuuzi. Nikachukua kikapu changu nikakaa nje ya geti. Siku mbili. Mpishi aliniletea maharage akaninong'oneza, "Bwana, utakosa kazi." Nikamwambia kazi nitaikosa nikiwa Athumani, sio nikiwa mwizi. Siku ya tatu Profesa akatoka na fimbo yake, akawaita wote, akasema maneno haraka haraka kwa Kifaransa. Nikasema, "Profesa, sijasikia. Ulinitukana kwa Kiswahili." Faustini akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mzee akaegemea fimbo, akasema, polepole: "Athumani haikuiba. Haikusema uongo. Mimi njo nilikosa."

Nikaingia ndani nikachukua penseli.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokutaka, na nakutaka kama mdogo wako, kwa heshima zote: soma barua hii machimboni saa ya chai, kwa sauti ile ile uliyotangazia habari za Salehe. Salehe akiwepo, vizuri zaidi. Kama mzee wa Kibelgiji ameweza, na wewe utaweza.

Nisalimie Mama, mwambie asilie kwa ajili yangu. Msalimie shemeji, mkeo, na dada yetu mdogo aliye Pongwe. Mjomba wa tanuri la chokaa mwambie nimewaona wadudu wasiopenda jua kumshinda yeye.

Bado pango la tatu. Hilo naingia mwezi wa kumi, na sitaki mtu mwingine anihesabie vyumba vyake. Nitarudi Desemba, kazi ikiisha, siyo kabla, na nitashuka kwenye basi mchana, pale pale mbele ya machimbo.

Ndimi mdogo wako asiyeomba radhi,
Athumani