Nusu ya Nusu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Kaisho? Mgongo wako unakuruhusu kuinama shambani, au bado unayaficha maumivu kwa kuimba? Na Baba, macho yake yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Uchovu ndio umenikalia, hauniachi hata Jumapili nikitoka kanisani. Huku Ujerumani majani yameisha mitini, na jua likitokea ni kama mgeni aliyekataa kuketi.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kukaa kwenye kiti inayomchosha mtu kuliko jembe. Ngoja nikueleze, maana wiki hizi imenitoa jasho.

Tunatengeneza kigari kinachojiendesha chenyewe, cha kupelekea wagonjwa chakula hospitalini. Mimi ndiye ninayeandika programu ya mwendo wake. Mwendo huo ni namba mbili zinazokwenda pamoja, moja ya kwenda mbele na nyingine ya kwenda pembeni. Wenyewe tunaziita vekta. Mtu akipita karibu, kigari kinatakiwa kipunguze mwendo bila kupinda, kwa hiyo namba zote mbili unazizidisha kwa nusu. Ni kama wewe ukipika ugali wa watu wachache: unapunguza maji na unga pamoja. Ukipunguza unga peke yake mtakunywa uji.

Hilo nililijua. Nilipokosea ni kwamba jibu nililiandika mahali pa mwendo wa mwanzo, nikaufuta bila kujua. Na kompyuta hurudia hesabu ile mfululizo muda wote mtu akiwa karibu, sasa kila ikirudia ikawa inachukua nusu ya kilichobaki. Nusu, nusu ya nusu, hivyo hivyo. Siku ya majaribio, mbele ya wakubwa, kigari kilikutana na bibi mmoja wa mkongojo, kikapunguza mwendo vizuri, watu wakasifu. Bibi akaenda zake. Kigari kikabaki kinajivuta, maana mwendo wa kuurudia haukuwepo tena. Kilikuwa kimeelekea kulekule wodini, ila hakifiki. Supu ikapoa. Muuguzi akaniuliza, kwa upole tu, kama kimechoka.

Nililitafuta kosa hilo mpaka macho yakaniwasha. Dawa yake ilikuwa ndogo ya kuudhi: mwendo wa mwanzo uuweke mahali pake usiguswe, na kila hesabu ianzie hapo. Nilipomaliza sikufurahi. Nilikaa nikalia, Mama, na wala si kwa ajili ya kigari.

Nilipoondoka nyumbani niliahidi kuja mwezi mzima kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilikuja. Uliofuata nikaja wiki mbili, kisha wiki moja, na mwaka jana mkanisikia kwenye simu. Kila mara nilipima kwa safari iliyopita, nikajiambia si haba. Sasa kwa kuwa kigari kimechelewa, mkuu wetu akanitaka likizo ya Desemba niifanye siku chache tu. Nikakumbuka ulichonieleza kuhusu Baba, kwamba anataka kunikatia kipande changu cha kibanja, mimi mtoto wa kike, kaka zangu wakiwa wamesimama hapo wanaona. Maneno yake ulinipa kama alivyoyasema: "Nataka nimwone amesimama kwenye mpaka wake, macho haya hayajazima."

Basi nikamwambia mkuu kwamba nakwenda mwezi mzima. Tiketi nimeshakata. Mwambie Baba ile miche ya milamula ya kupanda mpakani asiichomeke hata mmoja kabla sijafika.

Nisalimie kaka zangu wote wawili na wake zao, na yule mkubwa umwambie asinune, kipande changu hakitamnyima usingizi. Nisalimie pia shangazi muuguzi kule Nyakahanga, na jirani yetu anayetuletea maziwa. Senene wakianguka, nawaomba msiwamalize.

Baba, shikamoo. Naja.

Ni mimi mwanenu,
Kemilembe

Mama, ukimsomea Baba, ishia kwenye jina langu. Haya ya chini ni yako peke yako. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu yeye huwa pembeni yako, nawe huweka sauti ya juu. Mkuu hakukubali. Alisema nikitaka niende, lakini nikirudi kiti changu kitakuwa na mtu mwingine. Nimemjibu kwamba nimesikia, na nakwenda. Ninaogopa, Mama, sitakuficha. Lakini Baba usimwambie. Namjua. Akisikia hivyo ataniamuru nibaki kazini, kisha atakwenda kuupanda mpaka wangu peke yake, kwa kupapasa.