Saa ya Mzee Onyiego

Lorna uko? Usimpigie Ombati simu leo. Nimetoka kwao Manga sasa hivi.

Si unajua anavyonunua saa kuukuu za mkono huko Nyamira, anazifungua, anajifunza kwa video? Leo alisema tumbo linamuuma, akabaki sisi tukienda kanisani. Kumbe alitaka kuifungua saa ya babake! Ile mzee aliyopewa na marehemu mkewe, ambayo siku hizi haitembei. Alitaka mzee akirudi aikute inalia.

Ibada ikaisha mapema. Tukaingia na mzee na wageni, saa iko vipande vipande kwenye sinia, Ombati ameshika kibano, jasho linamtiririka.

Mzee akauliza polepole, "Hukuweza kungoja nife?"

Lorna! Hukuweza kungoja nife! Mbele ya wazee wa kanisa!

Ombati akapiga magoti. "Tata, nilikuwa naisafisha. Imebaki kuirudisha tu."

Mzee akaomba sinia. Ombati akampa huku uso umechangamka, akidhani anataka kuiona kazi yake.

Mzee akaenda nayo hadi mlangoni, akaimwaga yote kwenye matope. Na mvua inanyesha! Springi, magurudumu, skrubu ndogo kama punje za wimbi.

"Haya, irudishe sasa."

Mgeni mmoja akacheka, halafu wote.

Ombati akatoka, akainama, akaanza kupapasa matope. Sisi tukaletewa chai. Hakuna aliyemfuata, Lorna, hata mimi.

Mzee akaniambia, "Roda, funga huo mlango, baridi inaingia."

Nikaufunga.