Data Zilizosogezwa

Shoga, nimeaibika leo, na bado moyo haujatulia.

Si unakumbuka neutrino, ile chembe ndogo mno, hatuiweki kwenye mizani? Tunapima nishati ya juu kabisa ya elektroni inayozaliwa pamoja nayo. Kile kidogo kinachopungua ndiyo masi yake.

Sasa nimekuta kwenye kompyuta ya yule Mtanashati wa maabara yetu data zetu mara mbili. Ni zilezile, ila nakala moja imesogezwa yote kwa kiasi kimoja.

Nikamlipukia kikaoni mbele ya wote. "Wewe unapika data."

Wakacheka mpaka machozi. Mtanashati ndiye aliyecheka kuliko wote.

Bosi akasema, "Dada, wewe mgeni. Huwa tunazisogeza makusudi kwa namba ya siri, ili mtu asivutie jibu upande anaoutaka. Kazi ikiisha tunaiondoa. Mpaka hapo, data halisi hazionwi na mtu."

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikauliza, "Na namba hiyo anaijua nani?"

"Mimi peke yangu."

Peke yake, shoga.

Nikageuka kumtazama Mtanashati, mwenye nakala zote mbili, iliyosogezwa na ile halisi.

Alikuwa ameacha kucheka.