Kijiji cha wifi kimeunganishwa

Jumapili, Columbus

...na tena anaimba akiosha vyombo, huyu Amani wangu. Wiki tatu za ndoa, na bado nashangaa kwamba ni wangu kabisa!

Leo mchana dada yake, wifi Furaha, alitupigia kutoka Ufaransa. Kijiji chake kidogo kimeunganishwa na kijiji jirani kilicho kikubwa zaidi. Ofisi ya meya imehamia huko, na jina limebadilika.

"Wazee wa hapa walinuna, wifi," alisema, akichanganya na Kifaransa chake. "Bon, wale wa kijiji kikubwa wakatangulia kuja na keki, wakatusalimia mlango kwa mlango. Donc sasa tunaongea."

Amani alicheka. Mimi nikamkumbuka mama. Mama hajapokea simu yangu tangu arusi. Tulioana Buffalo, kwa wazazi wa Amani. Mama akarudi Louisville peke yake, sisi tukaja moja kwa moja hapa. Kwetu, mume humrudisha kwanza bibi arusi kusalimia kwao. Tulisahau kwa furaha. Au nilisahau mimi.

Tulipokaa kula, nikamweleza Amani. Akaweka kijiko chini.

"Kumbe mama mkwe ananingoja mimi! Mbona hukuniambia, mpenzi?"

Akapiga kwa simu yake mwenyewe. Mama akapokea.

"Ee, mkwe! Nilifikiri mmemmeza mtoto wangu."

Nililia palepale, mbele ya sahani ya ugali.

"Tusamehe, mama," Amani akasema. "Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa mlangoni kwako."